Kausha damu, kikoba na mkopo wa benki: nilipe lipi kwanza, na je, niongeze mkopo benki?

Mwl_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu, na naweka kila kitu wazi ili mnishauri vizuri.

Mimi ni mwalimu wa serikali, nina mke na watoto watatu. Mkubwa amemaliza darasa la saba, Januari anaingia kidato cha kwanza. Mshahara ghafi ni 1,000,000. Makato: mfuko wa pensheni (PSSSF) 50,000, kodi ya mapato 115,500, bima ya afya 30,000, chama 20,000, Bodi ya Mikopo (ule wa chuo) 150,000, mkopo wa benki 260,000. Naondoka na 374,500. Mke anauza vitafunwa na uji asubuhi, faida ni kama 8,000 kwa siku, siku 26, yaani 208,000.

Matumizi ya mwezi: chakula 220,000, umeme na maji 30,000, gesi na mkaa 35,000, nauli 50,000, mama kijijini 40,000. Kodi ya nyumba ni 80,000 kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, Februari na Agosti.

Madeni: benki imebaki miezi 38 kwa riba ya 16% kwa mwaka. Kikoba 96,000 kwa mwezi, marejesho na hisa pamoja, imebaki miezi 3. Tunavunja Desemba na hisa zetu zitakuwa 360,000. Mkopo wa simu 85,000. Dukani kwenye daftari 60,000. Kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, 400,000, riba 80,000 kila mwezi, na kadi yangu ya benki anayo yeye.

Afisa mikopo ananiambia niongeze mkopo wa 1,500,000, nisafishe yote, nibaki na ya Januari na ya kodi. Makato yatashuka mpaka kama 183,000. Nikubali? Au nianze na Bodi ya Mikopo, maana nao wanachukua 150,000 na deni limebaki 1,350,000 tu?

Hesabu_Kwanza:
Mwalimu, kabla ya kuchagua deni la kulipa tazama deni hili la kausha damu limetoka wapi. Kipato chenu ni 582,500. Matumizi bila kodi ni 375,000. Ongeza kikoba na riba, unafika 551,000. Inabaki 31,500, ambayo inaliwa na ada za mkopo wa simu. Kwa hiyo kodi ya nyumba haina fungu kabisa. Ukiiweka, mna upungufu wa 48,500 kila mwezi. Bila shaka Agosti ilipofika ndipo ulipokwenda kwa kausha damu.

Sasa angalia: riba unayompa ni 80,000, na kodi yako ni 80,000. Unalipa kodi mara mbili. Tena hiyo 80,000 haigusi 400,000 hata kidogo. Ndani ya miezi mitano utakuwa umempa 400,000 na bado unadaiwa 400,000.

Madeni usiyapange kwa ukubwa. Yapange kwa gharama ya kila laki kwa mwezi. Laki moja kwa kausha damu inakula 20,000. Laki moja benki inakula kama 1,330. Bodi ya Mikopo haili kitu: ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni lile haliongezeki. Kupeleka fedha ya ziada Bodi sasa hivi ni kulipa deni lisilo na riba huku lenye 20% kwa mwezi likiendelea. Liache lijikate lenyewe, miezi 9 litakuwa limekwisha.

Riba_Inayopungua:
Nijibu la benki, maana hapo ndipo walimu wengi wanapoumia. Makato ya 183,000 yanamaanisha wamekupangia miezi 84 mipya. Hesabu yake ni hii.

Kwa 16% ya salio linalopungua, marejesho ya 260,000 kwa miezi 38 yana salio la leo la takriban 7,710,000. Ukiendelea hivi hivi utalipa jumla ya 9,880,000 na kumaliza. Ukiongeza 1,500,000, deni linakuwa 9,210,000. Kwa miezi 84 unalipa karibu 183,000 × 84, kama 15,370,000. Yaani umepokea milioni moja na nusu, umelipa milioni tano na nusu juu ya ulichokuwa unadaiwa. Hapo sijaweka ada ya kushughulikia mkopo wala bima, ambazo hukatwa kwenye fedha unayopokea. Makato yameshuka kwa sababu hata zile milioni saba za zamani zimeanza safari upya.

Kama hakuna njia nyingine, kuna namna yenye nafuu: chukua kiasi cha madeni tu pamoja na kikoba, kama 850,000, na usikubali makato yashuke chini ya 260,000. Hapo unaongeza miezi 6 tu na riba ya takriban 620,000. Muulize afisa maswali matatu na udai majibu kwa maandishi: salio la kufunga mkopo leo ni kiasi gani, ratiba mpya ya marejesho ina miezi mingapi, na mkononi napokea shilingi ngapi baada ya ada zote. Usisaini kwa kutazama makato ya mwezi peke yake.

Lakini kwa takwimu ulizoweka, njia nyingine ipo. Hisa zenu za kikoba zinatoka Desemba. Kusubiri mpaka hapo kunakugharimu riba tatu za kausha damu, 240,000. Ni nyingi na inauma, ila ni chini ya 620,000, na hukuongeza hata mwezi mmoja benki.

Mama_Kibubu:
Nakubaliana na waliotangulia, ila mpango wa Desemba una mitego na nyumba nyingi zinaangukia hapo. Fedha ya kuvunja kikoba inafika wakati wa sikukuu, na mshahara wa Desemba mara nyingi huwahi, halafu Januari inakuwa na wiki sita. Kwa hiyo mkubaliane na shemeji tangu leo: siku ya mgao, 360,000 haifiki nyumbani. Inatoka kwenye kikoba inakwenda kumaliza deni la kausha damu. Gawio la faida ya kikoba lihesabuni sifuri mpaka mlishike. Likifika 40,000 deni limekwisha. Lisipofika, basi mtabaki na riba ya kiasi kidogo tu kilichosalia. Na msitegemee kukopa kikoba sasa ili mlipe huko, kwa sababu vikundi vingi hufunga mikopo miezi ya mwisho kabla ya kuvunja.

Mkopo wa simu: ile huduma hujilipa yenyewe fedha yoyote ikiingia. Mteja akimlipa shemeji kwenye laini yenye deni, mtaji wa kesho wa unga na sukari umekwenda. Mauzo yapokelewe kwenye laini isiyo na deni. Ile 31,500 inayobaki kila mwezi, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ni 94,500. Imalize 85,000, halafu mjitoe kwenye huduma yenyewe, msiache mlango wazi. Daftari la duka lifungwe leo. Hiyo 60,000 ilipwe 10,000 kwa mwezi kutoka fungu la chakula, na mnunue kwa fedha taslimu. Duka la kukopesha halikupi bei ya chini, na mkopaji hawezi kuhamia duka la pili.

Sasa Januari na Februari, maana hapo hesabu bado hazitoshi na afadhali mjue mapema. Kikoba na riba vikiisha mnabaki na 207,500 kwa mwezi kabla ya kodi, miezi miwili 415,000. Kodi 480,000, na kidato cha kwanza tuseme 250,000. Ada ya shule za serikali hakuna, lakini sare, viatu, madaftari, begi na mchango wa chakula vipo. Pengo ni 315,000. Nenda kwa mwenye nyumba Novemba, usingoje Februari, umwombe apokee kodi ya miezi mitatu, 240,000. Wengi hukubali mpangaji akisema mapema na akitaja tarehe. Pengo linabaki 75,000, na hilo linapatikana kwa kupunguza 19,000 kila mwezi kuanzia sasa. Mfano ni mafuta ya kula: kununua dumu la lita 5 badala ya kipimo cha kila siku kunaokoa. Sare shoneni Desemba kabla mafundi hawajazidiwa, na madaftari mnunue kwa dazeni.

Kuanzia Machi kodi iwekwe kwa siku: 3,100 kila siku ya biashara, siku 26, inatimia 80,600. Iwekwe kibubu au akaunti isiyo na kadi, kamwe si kwenye simu. Mzunguko mpya wa kikoba uanze baada ya hapo, kwa hisa ya chini. Mtaji wa shemeji usiguswe hata kwa ada ya shule. Ukiliwa, 208,000 yote inakufa.

Mwl_Moro:
Asanteni sana. Hesabu ya miezi 84 sikuwahi kuonyeshwa. Swali moja: huyu wa kausha damu hataki kupokea kidogo kidogo kwenye deni mama, anataka riba au 400,000 kamili. Na kadi je?

Sheria_Mtaani:
Mwalimu, hapo una haki kuliko unavyodhani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili, chini ya Benki Kuu, na kikomo cha riba walichowekewa ni 3.5% kwa mwezi. Kwa 400,000 hiyo ni 14,000. Wewe unatozwa 80,000.

Fuata mpangilio huu. Kwanza tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Pili, kusanya ushahidi: mkataba, ujumbe wa simu, miamala. Kuanzia mwezi huu usimpe fedha mkononi. Mtumie kwa simu au benki ili ibaki kumbukumbu. Tatu, mwandikie barua fupi ukiomba maelezo ya deni: ulichopokea, ulicholipa, kilichobaki, na ukipendekeza kulipa deni lote Desemba kwa riba ya kisheria. Mwenye leseni akikataa, peleka malalamiko Benki Kuu ukiambatanisha barua hiyo, kwa sababu utaulizwa kwanza kama ulimlalamikia mwenyewe. Asiye na leseni mara nyingi hulegea akiona maandishi, kwani hataki jambo lifike popote. Hata hivyo usikimbie deni mama. Ulilipokea, ulilipe.

Kadi: masharti ya benki hayaruhusu mtu mwingine kujua namba yako ya siri. Nenda tawini na kitambulisho, eleza ukweli kwamba kadi iko kwa mtu mwingine na namba anaijua, ifungwe upewe mpya. Usiseme imepotea. Ila barua ya mapendekezo itangulie, na kadi ifungwe siku hiyo hiyo, kabla ya mshahara kuingia. Ukifanya kinyume, anaweza kutoa mshahara wote kwa hasira.

Na asije akakuhamishia kwenye programu za mikopo za simu ili umlipe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zisizo na leseni, na nyingi za aina hii husoma orodha ya namba zako na kuwatumia ndugu na wakuu wa kazi ujumbe wa kukudhalilisha.

Riba_Inayopungua:
Nyongeza kuhusu Julai, wakati Bodi ya Mikopo itakapokuwa imemaliza. Mei hakiki salio lako kwenye akaunti yako ya Bodi, na Juni fuatilia kwa afisa utumishi makato yasitishwe, kwa sababu yakiendelea itabidi udai kurudishiwa na hilo huchukua muda. Jua pia kwamba 150,000 ikirudi, theluthi moja ya mshahara ambayo haitakiwi kuguswa na makato, 333,333 kwako, itakuwa na nafasi kubwa juu yake. Afisa mikopo ataiona nafasi hiyo na atakupigia simu.

Kuanzia Machi hadi Juni mtabakiwa na 127,500 kwa mwezi baada ya kutenga kodi. Hiyo 510,000 iwe akiba ya dharura, matumizi ya mwezi mmoja na zaidi kidogo. Kuanzia Julai peleka benki 100,000 ya ziada juu ya 260,000. Salio wakati huo litakuwa kama 6,220,000, na badala ya miezi 29 utamaliza kwa 20. Lakini usiweke tu kwenye akaunti ukadhani deni linapungua. Mara nyingi fedha hukaa pale na makato yanaendelea kama kawaida. Andika barua kwamba ni malipo ya kupunguza deni mama, taja kwamba unataka miezi ipungue na si makato, uliza kama kuna ada ya kulipa mapema, na usiondoke bila ratiba mpya iliyogongwa muhuri.