Kingamwili ya CaMKII yenye fosfeti inanipa majibu yasiyoshikika, naombeni ushauri

Mtafiti Mchanga
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa pili wa uzamili na wiki ya sita sasa nimekwama.

Napima CaMKII, kile kimeng'enya cha kwenye sinepsi (makutano ya seli za neva), katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya waliofundishwa kutafuta njia na wenzao ambao hawakufundishwa. Kingamwili ninayotumia inatakiwa kushika kimeng'enya pale tu kinapobeba fosfeti kwenye threonini ya 286, yaani asidi amino ya nafasi hiyo kwenye mnyororo wake. Natumia Western blot: protini zinatenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, zinahamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili inaonyesha mstari. Kwa baadhi ya panya mstari wa kilodaltoni 50 unawaka kweli kweli, kwa wengine hakuna kitu, na wala haufuati kundi. Hata kingamwili ya kimeng'enya chote, chenye fosfeti na kisicho nayo, inapanda na kushuka. Juu kidogo, kwenye 60 hivi, upo mstari mwingine uliofifia. Utando naziba kwa maziwa ya unga ili kingamwili isijishikie ovyo.

Msimamizi wangu anasema kingamwili ni mbovu, tuagize nyingine. Jaribio lina panya 24, nisingependa nikosee. Nawasilisha.

Bafa Safi
Achana na maziwa kwanza. Yamejaa kaseini, na kaseini ni protini iliyobeba fosfeti, kwa hiyo na kingamwili za aina hii mara nyingi yanachafua utando. Weka albumini ya ng'ombe asilimia 5, wakati wa kuziba na wakati wa kuchanganya kingamwili. Ila nikuambie ukweli, maziwa hayaelezi kwa nini kimeng'enya chote nacho kinapanda na kushuka. Hapo kuna jambo lingine.

Mzee wa Jeli
Mstari wa 60 usikutie hofu. CaMKII ya ubongoni ina ndugu wawili wakubwa, alfa wa kilodaltoni 50 na beta wa 60. Beta ana fosfeti ileile ila kwake inahesabiwa threonini ya 287, na mfuatano wa asidi amino kuizunguka unafanana, basi kingamwili inawashika wote. Hipokampasi ina alfa nyingi kuliko beta, ndiyo maana wa juu umefifia.

Dada Sinepsi
Mdogo wangu, kabla hamjaagiza chochote nijibu mawili. Tangu panya anakufa hadi tishu inaganda ni dakika ngapi? Na ulisagaje?

Mtafiti Mchanga
Dada, kati ya dakika tatu na nane. Mwanzoni nilikuwa mzito kuchambua hipokampasi juu ya barafu, baadaye mkono ukazoea. Nilisaga kwenye bafa ya Triton (sabuni laini) yenye vanadeti ya kuzuia fosfeti zising'olewe, nikazungusha kwenye sentrifuji, nikachukua maji ya juu.

Dada Sinepsi
Basi kingamwili yako mnaisingizia.

Damu ikikatika ubongoni, nishati inaisha na kalsiamu inafurika ndani ya seli. CaMKII ni kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu, na kikiamka kinajipachika chenyewe fosfeti pale pale kwenye 286. Kisha vimeng'enya vingine vinaanza kuing'oa. Kwa hiyo panya wa dakika tatu na panya wa dakika nane wamesimama sehemu tofauti za mawimbi hayo, na wewe umepima mwendo wa kisu chako, hukupima walichojifunza.

La pili ndilo linalonisikitisha zaidi, maana nimeona watu wakipoteza mwaka mzima hapa. Katika dakika hizo hizo CaMKII inajikusanya mabonge na kung'ang'ania kwenye sinepsi. Triton haiitoi huko. Ulipozungusha, sehemu kubwa ilishuka kwenye mashapo, na mashapo ukayatupa. Ndiyo sababu hata jumla yake inayumba.

Safari nyingine gandisha mara moja kwa naitrojeni kimiminika, umpe kila panya muda uleule, na uchanganye zamu za makundi, usimalize kundi moja ndipo uanze la pili. Saga tishu ikiwa bado imeganda, moja kwa moja ndani ya SDS (sabuni kali) asilimia 1 iliyochemka, na usitupe kitu. Kama unaweza kupata mashine ya mawimbi maikro iliyotengenezwa kwa kazi hii, hiyo ndiyo bora: inasimamisha vimeng'enya vya ubongo kwa kama sekunde moja. Vanadeti peke yake haikusaidii sana, inalinda fosfeti za tairosini na yako iko kwenye threonini. Ongeza sodiamu floridi na beta-gliserofosfeti, zinazolinda za threonini, pamoja na EDTA ili ishike kalsiamu na magnesiamu, na kinasi (kimeng'enya kinachopachika fosfeti, kama CaMKII yenyewe) isiendelee kufanya kazi ndani ya bafa.

Mzee wa Jeli
Naunga mkono. Na msimamizi mpe ushahidi badala ya maneno. Kata utando vipande viwili vyenye sampuli ileile, kimoja kiloweke kwenye fosfatesi ya lambda (kimeng'enya kinachong'oa fosfeti) yenye manganizi kwa nyuzi 37, kingine kwenye bafa tupu. Mstari ukifutika kwenye cha kwanza tu, kingamwili inasoma fosfeti. Kisha rudia kwa kingamwili ya kimeng'enya chote kuhakikisha protini yenyewe haijabanduka.

Mtafiti Mchanga
Wakuu, nimerudi. Kipande cha fosfatesi kimefutika, cha pili kimebaki, na jumla iko sawa kwa vyote. Bahati nzuri mashapo ya panya sita yalikuwa bado kwenye friza. Nimeyachemsha kwenye SDS: CaMKII imejaa humo, kuliko maji ya juu. Nimemwonyesha msimamizi, amekubali tusiagize nyingine. Je, hawa 24 naweza kuwaokoa?

Dada Sinepsi
Kwa fosfeti, hapana, mdogo wangu. Hali iliyokuwepo panya akiwa hai ilipotea katika dakika zile na hakuna bafa ya kuirudisha. Ila hizo sampuli usizitupe, protini zisizobadilika upesi bado unaweza kuzipima humo. Na kabla ya kugusa panya mpya, fanya mazoezi ya kuchambua hadi muda wako uwe uleule kila mara.

Mtafiti Mchanga
Nimeelewa, dada. Kesho naanza mazoezi na saa mkononi.