Misumari gani inafaa kwa akitrevu za mninga?

mjenzi_kgb
Wakuu habari za leo. Nipo kwenye finishing ya nyumba Kigamboni, fremu zimesimama, plasta imekauka, imebaki kuvalisha akitrevu za milango, zile mbao za urembo zinazozunguka fremu. Mbao ni mninga, unene robo tatu inchi. Fundi kaja na misumari ya kawaida ya inchi 3, kagonga wa kwanza karibu na ncha mbao ikapasuka, nikamwambia asimame kwanza maana mninga mnajua bei yake. Tutumie msumari gani?

seremala_halisi
Pole mkuu, inchi 3 ni ya kenchi za paa hiyo. Msumari uwe kama mara mbili na nusu ya unene wa mbao, kwahiyo kwako ni inchi 2, itazama ndani ya fremu inchi moja na robo, inatosha kabisa. Omba yenye kichwa kidogo, sio bapa, unaizamisha kwa panchi (kichuma cha kusukumia kichwa cha msumari) milimita 2 hivi halafu unaziba. Na mninga usigongwe hivi hivi! Toboa kwanza kwa drili, biti iwe nyembamba kuliko msumari, kama huna biti ya saizi hiyo kata kichwa cha msumari mmoja uufunge kwenye drili, unatoboa vizuri tu.

dada_wa_mbweni
Naongezea, huko ni pwani, chukua galvanaizi, ile iliyopakwa zinki. Ya chuma tupu inashika kutu chini ya vanishi, baadae unaona vidoa vyeusi kila penye msumari na hapo hakuna msasa wa kukuokoa.

mjenzi_kgb
Asanteni sana. Vipi kuziba matundu, fundi anasema vumbi la mbao na gundi nyeupe? Na skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, je, misumari ileile?

seremala_halisi
Gundi sio kwa mbao ya vanishi, haishiki rangi, panabaki alama. Chukua vumbi la msasa la mninga huohuo uchanganye na vanishi yenyewe. Skatingi ni habari nyingine, ukuta wa tofali unakataa msumari wa mbao na msumari wa zege unabomoa plasta, funga kwa skrubu na fisha (plagi ya plastiki ya ukutani), vichwa vizame uzibe vilevile. Ila hizo akitrevu zipigilie kwenye fremu tu, ukutani usiguse.