Tupeane uzoefu: "Street Spirit (Fade Out)" ya Radiohead ilikukuta wapi?

Wakuu, usiku huu nimeurudia tena wimbo unaofunga The Bends, albamu ya 1995 ya bendi hiyo ya roki ya Uingereza. Gitaa la Ed O'Brien linadonolewa uzi baada ya uzi tangu sekunde ya kwanza, linazunguka palepale kama feni ya chumba cha mgonjwa. Mimi lilinikuta humo kweli. Nilikuwa namuuguza mama, spika moja sikioni, sikio la pili nimemwachia yeye asije akaniita nisisikie. Thom Yorke anaimba kama mtu aliyekwisha kulia, machozi yamekauka. Wageni wote walikuwa wananiambia "atapona tu". Wimbo huu haukuniambia hivyo, nikauamini kuliko wao. Wewe ulikukuta wapi?

— Mimi napiga gitaa la kwaya. Unaanza na A minor, na vidole vya kushoto havihami sana. Kazi iko mkono wa kulia: dakika nne na ushee bila kupumzika. Nilijifunza mwaka nilioachwa na mchumba. Nikikosea uzi mmoja tu, narudi mwanzo, na usiku unakwisha hivyo.

— Wengi hawajui kwamba Yorke alisema wimbo huu ulichochewa na The Famished Road, riwaya ya Ben Okri wa Nigeria iliyopata tuzo ya Booker 1991. Humo kuna Azaro, mtoto wa mizimu ambaye wenzake wa upande wa pili hawachoki kumwita arudi. Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu, na mimi nikapewa jina baya ili kifo kisinitamani. Nilipojua habari ya Azaro, niliusikiliza upya nikatetemeka. Mstari wa mwisho, ule unaoiambia roho izame kwenye upendo, nauona kama sauti ya mzazi anayemzuia mtoto mlangoni.

— Mimi siuwezi usiku. Mchana tu, tena nikiwa na watu.

— Pole, mleta mada. Mama aliendeleaje?

— Alifariki mwezi wa nne, mkuu. Wiki moja kabla, aliniuliza nasikiliza nini kila siku. Nikampa ile spika ya pili. Alifumba macho mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Rudia hilo gitaa."