Mnamfundisha baba useremala, kisha mnamfungia mwanawe lango?

Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha. Jumamosi iliyopita nilitoka Dandora saa kumi na moja alfajiri pamoja na mtoto wa kaka yangu, msichana wa miaka 8, tukabadilisha matatu mara mbili ili tufike gerezani kabla ya foleni kuwa ndefu. Mtoto alikuwa amebeba ripoti yake ya shule ndani ya mfuko wa plastiki, akiishika kwa mikono miwili njia nzima ili isikunjike, kwa sababu alikuwa amepanda kutoka nafasi ya 31 hadi ya 9 na alitaka baba yake aione kwa macho yake mwenyewe. Tulisimama langoni hadi saa nne. Ndipo askari akatuambia kwamba siku ya kutembelea wafungwa ilibadilishwa, sasa ni Jumatano, na kwamba tangazo lilibandikwa. Nilipouliza limebandikwa wapi, alinyoosha kidole nyuma yake, kwenye ukuta wa ndani, mahali ambapo mgeni hafiki mpaka awe ameshakubaliwa kuingia.

Mtoto aliniuliza, "Shangazi, si tumwachie afande ampelekee?" Jibu lilikuwa kwamba karatasi hazipokelewi dirishani.

Jumatano ni siku ya shule. Nani alikaa mezani akaamua kwamba watoto wa wafungwa wachague kati ya darasa na baba zao?

Kaka yangu alihukumiwa miaka 3 kwa kumwibia mwajiri wake. Alikosa, alikiri, na sisi jamaa zake hatujawahi kumtetea kwa hilo. Kwa kuwa ana nidhamu, amepunguziwa thuluthi ya kifungo kama Sheria ya Magereza inavyoruhusu, hivyo atatoka Agosti. Yuko katika gereza la wafungwa wasiohesabiwa kuwa hatari, wanaokwenda shambani na karakanani asubuhi wakiwa na askari mmoja tu nyuma yao. Serikali yenyewe imeshamwamini kwa panga na msumeno, lakini haimwamini kukaa robo saa na mwanawe siku ya Jumamosi!

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo, na ndiyo maana inauma. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi magereza yetu yalivyoanza kubadilika kuanzia mwaka 2003, Moody Awori akiwa Makamu wa Rais na waziri aliyeyasimamia, magodoro na televisheni vikaingia, na malango yakafunguliwa kwa jamaa, makanisa na waandishi wa habari. Baadaye Katiba ya 2010, katika kifungu cha 51, ikasema kwamba mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizoweza kuandamana na hali ya kufungwa, na mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria mahsusi kuhusu watu walionyimwa uhuru. Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa uliziidhinisha mwaka 2015, zinataka uangalizi wa pekee uwekwe katika kudumisha uhusiano wa mfungwa na familia yake, na maisha yake ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku ya kwanza anapoingia. Kwa hiyo ninachodai si hisani ya afande yeyote.

Nakubali kwamba mafunzo yapo. Kaka yangu alifanya mtihani wa ufundi wa useremala, akapita. Mwezi wa pili alinionyesha kiganja chake, sugu zimejipanga chini ya vidole vyote vinne, akacheka kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu akamatwe. Lakini urekebishaji huo unaishia ukutani. Hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama huyu mtu atakuwa na mahali pa kulala Agosti, kama nyumbani kuna anayemkubali, au kama kuna karakana itakayomchukua bila kumdai cheti cha tabia njema, ambacho hukumu yake itakichafua. Barua niliyomwandikia kumweleza kwamba fundi mmoja wa Gikomba yuko tayari kumjaribu ilimfikia baada ya wiki saba. Kwa muda huo wote aliamini tumemchoka, na alimwambia kasisi hivyo.

Simlaumu askari wa langoni. Ni kijana, alikuwa ameloa mvua kama sisi, na alitekeleza alichoambiwa. Nawalaumu wanaoamua bila kukumbuka kwamba kuna watu nje. Nambari yangu ya simu imeandikwa katika daftari lao la wageni kila nilipokwenda, mara 11 kwa hesabu yangu. Ujumbe mfupi mmoja kwa nambari zilizomo ungeokoa nauli za watu wote waliorudishwa siku ile, wakiwemo mama mmoja mzee aliyetoka Machakos na kijana aliyekuja na fimbo za kutembelea.

Nataka mambo matatu: Jumamosi irudishwe, hata kama ni mara moja tu kwa mwezi, tangazo libandikwe nje ya lango, na barua isomwe na kukabidhiwa ndani ya wiki moja, kwa kuwa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono hazihitaji siku arobaini na tisa kukaguliwa.

Naandika barua rasmi ya malalamiko na sitaki iende na jina langu pekee. Aliye na ndugu katika gereza la namna hii aeleze hapa alirudishwa siku gani na aliambiwa nini, bila kumtaja mfungwa kwa jina. Jumatano nimeomba ruhusa kazini, siku hiyo sitalipwa. Nitakwenda peke yangu. Ripoti ya mtoto nimeitoa nakala, nitajaribu tena dirishani.