Bili ya maji inapanda, mgao nao umerudi: mnabanaje matumizi nyumbani?

MamaWatatu_Kimara
Habari zenu wadau. Tunakaa Kimara nyumba ya kupanga, familia tano mita moja, bili ikija tunagawana sawa kwa sawa. Sasa bili imepanda sana na maji yenyewe ni ya mgao, yakitoka tunajaza simtank, yakikata tunanunua ya boza. Kila mpangaji anasema yeye hatumii sana, imefika mahali watu hawasalimiani vizuri asubuhi. Mi nina watoto wadogo nafua karibu kila siku kwa hiyo macho yote kwangu. Naomba mbinu za kweli, hizo za funga koki ukipiga mswaki tunafanya tayari. Nataka kitu ambacho tukianza wiki hii bili ijayo tunaona tofauti, na hela ya kununua vifaa vipya sina.

fundi_bomba
Pole dada. Kabla hamjagombana zaidi tafuteni kwanza kama kuna maji yanayopotea, maana nyumba nyingi za kupanga ninazoitwa shida sio nguo za watoto, ni choo. Siku maji yanatoka fungeni koki ya kuingiza kwenye simtank, mkae nusu saa mtu asifungue bomba lolote halafu msome mita. Ikiwa ile kidude kidogo inazunguka, bomba limepasuka kati ya mita na simtank, chini ya ardhi huko. Hiyo ni upande mmoja. Upande wa pili mita haikuonyeshi chochote, yaani maji yakishaingia simtank yakivuja ndani mita haijui, itayahesabu siku mnajaza tena. Hapo chukua ufito mrefu msafi, usiku watu wakilala uchovye mpaka chini uweke alama maji yalipofika, alfajiri kabla mtu hajachota uchovye tena. Simtank ya lita 1000 kila sentimita moja ikishuka ni karibu lita 10, piga hesabu mwenyewe.

Choo cha kuflashi kipime kwa rangi ya chakula, weka kidogo kwenye tenki lake, usiflashi, subiri nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli ujue raba ya chini imeisha. Choo kinavuja kimya kimya mchana na usiku na hakuna anayesikia. Koki nayo ikidondosha tone moja kila sekunde mpaka kesho yake imemwaga karibu dumu zima la lita 20. Washa ya koki, ile raba ndogo ya ndani, ni kitu cha bei ndogo sana jamani, msisubiri mwenye nyumba.

Mwanakombo_Tanga
Fundi kasema kweli, ila mimi naongeza kwenye utaratibu wa ndani. Sisi huku tumelelewa maji hayamwagwi mpaka yamefanya kazi mbili. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaenda kwenye miche. Suuzo la mwisho la nguo za leo linakuwa maji ya kwanza ya kulowekea nguo za kesho, hasa hizo za watoto, na yale yenye sabuni yanadeki kisha yanaingia chooni. Ukiwa na beseni tatu tu unapunguza ndoo nyingi mwanangu, wala hununui kitu.

Na kuoga, rudini kwenye ndoo na kopo. Shawa ya kawaida dakika moja inamwaga kama lita 10, mtu akikaa dakika kumi ni madumu matano na ndoo moja ingemtosha akatoka msafi kabisa. Kwa sisi Waislamu imepokewa kuwa Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, na sisi tunaacha bomba linatiririka mpaka tumalize miguu, inaniuma kweli nikiona hivyo.

MamaWatatu_Kimara
Asanteni sana, bi mkubwa asante. Swali, haya maji ya kufulia nikiyaweka kwenye pipa ya chooni hayanuki? Na mchicha wangu uani naweza kumwagilia?

jirani_wa_Segerea
Yanuka ukiyalaza. Tumia siku hiyo hiyo. Mchicha usiupe yaliyotiwa jiki wala ya nepi, hayo yaende chooni moja kwa moja. Pia mfunike kila chombo kuanzia simtank mpaka kindoo, mbu wa dengi anataga kwenye maji yaliyotulia hapo hapo nyumbani na sisi Dar tumeshaugua sana, 2014 na 2019 mnakumbuka.

Kitu kingine hakuna aliyetaja ni mvua. 2022 mto Ruvu uliposhuka jiji zima tulikuwa tunahangaika na madumu halafu vuli zikinyesha maji ya bati tunayaangalia yanaenda mtaroni! Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 10 kwa 8 mvua ya milimita 20 ikipiga ni lita 1600, toa yanayorukia nje na kupotea bado simtank yako inajaa. Hata kama hamna gata, tega mapipa kwenye kona ambayo bati linamwaga zaidi. Mvua ya mwanzo iache dakika kadhaa ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndo ukinge. Ya kufulia na choo hayo, ya kunywa chemsheni.

MamaWatatu_Kimara
Rangi nimeweka jana vyoo vyote viwili, cha uani kimeshuka chekundu chote na hicho tunatumia familia tatu. Nimewaita wakaona kwa macho yao. Fundi, je tukitaka kila mtu awe na mita yake ndogo inawezekana?

fundi_bomba
Inawezekana ila mwenye nyumba akubali na kila mpangaji awe na mstari wake kutoka kwenye simtank, koki ya uani mnayochota wote hiyo mtaendelea kuchangia. Kwanza badilisheni raba ya hicho choo wiki hii hii. Na ukifungua tenki angalia boya, kama maji yanafika kwenye ule mrija wa kati lishushe kidogo, yasipite juu yake. Tenki likiwa la zamani lile kubwa tumbukiza na chupa ya lita moja iliyojaa maji, usiweke tofali, linamomonyoka mchanga unakula raba mpya.

MamaWatatu_Kimara
Sawa fundi, raba tunanunua kesho tunachangishana wote watano.