Kasoro ya kiwandani au uharibifu wa baadaye: nitazitofautishaje sarafu hizi mbili?

Mwuliza swali:
Ndugu wakusanyaji, salaam. Nimeletewa sarafu mbili ambazo muuzaji anashikilia kwamba zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro, na anazidai bei kubwa kwa sababu hiyo. Ya kwanza imepungua pembeni kwa pengo la mviringo. Ya pili ina picha yake ya kawaida, lakini juu ya picha hiyo kuna herufi zilizobonyea ndani na zinazosomeka kinyume. Nitajuaje ukweli kabla ya kulipa?

Jibu la kwanza:
Ndugu, jiulize kwanza ni hatua ipi ya utengenezaji ingeweza kuzaa kasoro unayoiona. Bamba la metali hukatwa visahani, visahani hupitishwa kwenye mashine ya kuinua ukingo, kisha kila kimoja hugongwa kati ya mihuri miwili.

Pengo la mviringo hutokea pale bamba linapokatwa juu ya tundu lililokwisha kukatwa, yaani kisahani kilikuwa pungufu kabla hakijagongwa. Kwa hiyo herufi zilizo jirani na pengo hufifia au huvutika kulielekea, na mara nyingi ukingo wa upande unaolikabili pengo huwa hafifu, kwa kuwa mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukandamiza upande wa pili. Aliyekata sarafu baadaye kwa tupa hawezi kuiga hayo: herufi zake zitakuwa zimekatika ghafla, na ukingo wa ng'ambo utakuwa mzima.

Hiyo ya pili naitilia shaka kubwa. Sarafu iliyokwama kwenye muhuri huweza kweli kuacha alama yake kinyume kwenye sarafu inayofuata, lakini inakuwa imeuziba muhuri huo, hivyo picha ya kawaida haiwezi kujitokeza vizuri mahali hapohapo. Picha kamili yenye herufi zilizobonyezwa juu yake ni dalili ya sarafu mbili kubanwa pamoja kwenye jiliwa. Igeuze utazame kama nyuma ya alama hizo pamebapa.

Jibu la pili:
Naongeza kwamba sumaku na mizani, ingawa ni lazima uwe navyo, havimalizi kazi. Mwaka 1943 Marekani ilitengeneza senti za chuma cha pua kilichopakwa zinki, zenye gramu 2.7, na chache mno ziligongwa kimakosa kwenye visahani vya shaba vya gramu 3.11. Walaghai huzipaka shaba zile za chuma, na sumaku huwaumbua mara moja. Wengine huchonga tarakimu 8 ya senti ya 1948 iwe 3. Hiyo ni shaba kweli na uzito wake ni sahihi, kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia utazame mkia wa 3, ambao kwenye sarafu halisi ni mrefu na hushuka chini ya tarakimu nyingine.

Mwuliza swali:
Nawashukuru sana. Nyuma ya zile herufi pamebapa kweli, kwa hiyo ya pili nairudisha. Ya kwanza ukingo wake wa ng'ambo umefifia, bado sijaipima.

Jibu la kwanza:
Ipime, na utarajie upungufu unaolingana na ukubwa wa pengo. Ikiwa na uzito kamili, usiinunue.