Mavi ya kuku au mbolea ya dukani NPK kwa sukuma na dodo (mchicha) kwenye udongo mweusi wa mafunjo?

Bonde_Kabale: Habari za leo wakulima. Nina robo ekari bondeni, palipokuwa mafunjo enzi za babu. Udongo mweusi tii, mwepesi. Ukiukamua siku ya mvua yanatoka maji ya rangi ya chai. Kila mtu aliniambia "hapo ni mboji tupu, mbolea ya nini?" Nikapanda sukuma bila chochote. Imedumaa, majani ya chini zambarau, mengine yameungua kingo. Sasa nichague: magunia ya mavi ya kuku, au NPK 17:17:17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa) halafu urea (ya nitrojeni tu)? Pesa ya vyote sina. Na dodo nataka niongeze.

MamaNakati: Pole kaka. Mimi niko pembeni mwa Kampala, natumia mavi ya kuku tu, ya banda lililotandazwa maganda ya kahawa. Lakini yaoze kwanza! Mwaka wa kwanza niliyamwaga mabichi, yananuka hadi macho yanawasha. Siku ya tatu dodo lote limelala kama limemwagiwa maji moto. Siku hizi rundo linakaa miezi miwili, nalipindua. Nikiingiza mkono nisikute joto ndipo nabeba.

FundiMbale: Zambarau mara nyingi ni njaa ya fosforasi, kingo kuungua ni potasiamu. Udongo wa mafunjo una nitrojeni nyingi ila imefungwa ndani ya mabaki, inatoka polepole. Fosforasi, potasiamu na shaba ndizo haba. Kwa hiyo urea peke yake ni hasara, tena inazidisha uchachu. Weka NPK kifuniko kimoja cha soda kila shimo, ichanganye na udongo isiguse mizizi. Wiki ya tatu CAN kidogo, ile mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu. Mavi ya kuku hapo naona unabeba mboji kuipeleka kwenye mboji.

MamaNakati: Hapana mzee wangu. Samadi ya ng'ombe iliyojaa nyasi ningekubali. Kuku wa mayai analishwa chokaa, na mavi yake yana fosforasi ya kutosha. Si majani makavu hayo.

Mpaka_Busia: Mnagombania kitoweo na jiko halijawashwa. Uchachu umepimwa? Kinamasi kilichokaushwa huweza kushuka hadi pH (kipimo cha uchachu, ikiwa ndogo uchachu ni mkali) 4 au chini. Sukuma inataka 6 kwenda juu. Hapo mwaga NPK au kinyesi cha tembo, mmea hautashiba. Na jamii ya kabichi kwenye uchachu hupata ule ugonjwa wa mizizi kuvimba. Anza na majivu au chokaa, wiki tatu kabla ya kupanda. Chokaa inachomwa Kisoro, jirani yako kabisa. Ila ile ya moto ya wajenzi inaunguza ngozi na miche, tafuta ya kilimo. Usiichanganye siku moja na mavi ya kuku wala urea, nitrojeni nyingi itapaa hewani.

FundiMbale: Hapo umenipiku, ningeanza na pH. Udongo wanapima Kawanda, kile kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Kampala.

Mzee_wa_Mfereji: Shikamooni walimu. Hakuna aliyeuliza maji. Nguzo ya uzio niliyoisimika kijana ilikuwa inanifika kiunoni, leo imenipita kichwa. Haikukua, ardhi ndiyo imeshuka, kwa sababu tulichimba mifereji mirefu mno. Udongo huu ukikauka kabisa unakataa maji, na moto ukiingia unafuka chini kwa chini siku nyingi. Ziba mfereji maji yabaki karibu na mizizi. Mbolea ya dukani gawa kidogo kidogo, potasiamu haishikiki hapo, mvua moja imekwenda mtoni. Na kabla hujapanua, waulize NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu kibali. Kinamasi si shamba la kawaida.

Bonde_Kabale: Marahaba... samahani mzee, shikamoo! Sitapanua. Nimeamua matuta manne: moja majivu tu, la pili majivu na mavi ya kuku, la tatu majivu na NPK, la nne majivu, halafu mavi na NPK nusu kwa nusu. Kila nikichuma napima kwa mizani. Majivu yoyote yanafaa?

MamaNakati: Ya kuni. Ya jalala lenye plastiki usithubutu. Kopo la nusu kilo kwa hatua moja mraba, halafu utuletee picha, hasa ya tuta la nne.